Karanga zako zimeishia kwenye sosi

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Somo yangu mpendwa,

Ndoo ya karanga imefika salama. Kondakta alinipigia simu alfajiri, nikavuka mji mzima kutoka Temeke hadi stendi ya Magufuli kule Mbezi, nikaikuta imefungwa kamba za katani kama mahabusu. Ahsante sana. Mwambie shemeji safari hii haikumwagika hata punje moja, asije akasema tena kwamba watu wa Dar tunakula mizigo ya watu tukiwa bado kwenye foleni.

Najua ulizituma kwa ajili ya mchicha na kisamvu. Robo imekwenda huko. Zilizobaki nimezipikia kitu ambacho nikikutajia jina moja kwa moja utacheka, kwa hiyo tuanze na baba mdogo.

Unamkumbuka baba mdogo wa Kurasini, yule aliyekuwa baharia, kila hadithi yake inaanza na "tulipotia nanga". Tangu tuko wadogo kuna hadithi moja haimwishi, nayo ni ya mishkaki ya Penang na Singapore. Jioni, anasema, ukishuka melini unafuata moshi tu. Unamkuta mtu kainamia jiko refu, jembamba kama mfereji, mkono mmoja anapepea, mwingine anageuza vijiti kumi kumi kwa mkupuo. Nyama ni nyembamba, ya njano, ina utamu kwa mbali. Unapewa na bakuli la sosi ya karanga, vipande vya tango na kitunguu kibichi, na wali uliochemshiwa ndani ya kifuko cha makuti mabichi yaliyosukwa, ukashikana mpaka unakatwa kwa kisu. Wenyewe wanaiita satay. Asili yake ni Java, Indonesia, kisha ikaenea Malaysia, Singapore na Thailand, na Waholanzi walioitawala Indonesia wakaondoka na sosi yake hadi kwao. Baba mdogo kila akila mishkaki ya hapa kwetu husema, "Nzuri. Lakini haina pa kuchovya."

Juzi juzi alikuja kukaa kwangu wiki mbili kwa ajili ya kliniki ya macho. Nikasema hadithi hii sasa naimaliza mimi.

Mara ya kwanza niliharibu, tena niliharibu kwa ujuzi. Nilifanya kama ninavyofanya mishkaki siku zote: steki ya ng'ombe, ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi la kusaga, nikailaza usiku kucha. Sasa mishkaki ina manofu ya maana, papai linakuta kazi ya kufanya. Nyama ya satay unaikata nyembamba kama utepe. Asubuhi nafunua bakuli, nyama imekuwa uji. Nikishika kipande, nusu inabaki mkononi, nusu bakulini, na kijiti hakina cha kuchoma. Tuliikaanga kama kima, watoto wakaila kwa chapati wakafurahi, baba mdogo akala kimya. Na kimya chake unakijua.

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba nilikuwa nimepika mishkaki nikaibandika jina la watu. Kwenye mishkaki yetu nyama ndiyo bibi harusi, pilipili na kachumbari ni wasindikizaji. Kule bibi harusi ni sosi. Nyama kazi yake ni kuibeba sosi mpaka mdomoni, ndiyo maana ni nyembamba, na ndiyo maana haitaki ndimu: uchachu wote unakaa kwenye sosi, kwa ukwaju. Baada ya kulikubali hilo, mengine yote yalinyooka.

Mara ya pili nikaachana na ng'ombe. Nilichukua mapaja ya kuku wa kisasa, nikatoa mifupa mwenyewe, ikabaki nyama kilo moja. Kidari kinakauka motoni, paja lina mafuta yake. (Ukitaka ng'ombe, kata kwa kukingama na nyuzi za nyama, katikati ya kila kijiti tia kipande kidogo cha mafuta, na papai uliache sokoni.) Viungo vyenyewe vyote unavyo jikoni: manjano, giligilani, binzari nyembamba, vitunguu vyekundu, saumu, tangawizi, sukari, chumvi, mafuta kidogo. Na mchaichai. Ule ule wa pale bombani, ambao sisi tunachuma majani ya chai, shina hatuna habari nalo. Kumbe shina ndilo wenzetu wanalolitaka. Vua maganda ya nje, chukua sehemu nyeupe ya chini, urefu wa kidole tu, ukatekate kabla ya kutwanga maana nyuzi zake zinakaba koo. Kwa kilo ile nilitumia mashina 3, manjano vijiko 2 vya chai, giligilani vijiko 2 vya chakula, binzari kijiko 1 cha chai, na sukari vijiko 3 vya chakula. Usishtuke na sukari. Ndiyo inayoleta ile rangi ya kuungua kidogo pembeni, na bila hiyo umechoma kuku wa manjano basi. Ikalala kwenye friji mpaka kesho yake, na safari hii asubuhi nyama ilikuwa bado nyama.

Sasa sosi, somo, na karanga zako.

Nilizichambua kwanza. Zako zilikuwa safi, lakini siku hizi sina mchezo. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, nje. Sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, haiondoki kwa kukaangwa, na wewe uko Dodoma, huhitaji kukumbushwa watu wa huko na Manyara waliougua na kufa mwaka 2016 kwa mahindi yenye sumu hiyo. Vikombe 2 nikavikaanga kwenye sufuria kavu, moto mdogo, mkono hautulii, mpaka ukizipekecha ngozi inatoka yenyewe. Nikapeta kwa ungo pale uani. Upepo ukachukua maganda yote ukayapeleka kwenye shuka nyeupe za jirani alizoanika dakika tano zilizopita. Baadaye nilimpelekea vijiti sita, tukaelewana.

Nusu ya karanga niliisaga laini, nusu nikaitwanga ibaki chengachenga. Ile siagi ya karanga ya kopo usiitie. Niliwahi kuijaribu siku ya haraka, ina sukari na chumvi yake, sosi ikawa kama gundi.

Halafu rojo la pilipili: pilipili kavu 8 zilizolowekwa kwenye maji ya moto na kutolewa mbegu, vitunguu vyekundu, saumu, shina la mchaichai, na kijiko cha uduvi. Uduvi ni akili yangu mwenyewe. Kule wengine hutia vikamba vidogo vilivyovundikwa na kusagwa, kitu kinachonuka mpaka nyumba ya tatu, nikaona ndugu yake wa karibu ni uduvi wa soko la samaki la Feri. Rojo hili lisage kwa kinu. Najua utasema blenda ipo. Blenda haizunguki bila maji, na ukishatia maji, rojo likiingia kwenye mafuta linachemka badala ya kukaangika, na ukali wa pilipili mbichi unakukaa kooni mpaka kesho. Kaanga kwa mafuta mengi kuliko moyo wako unavyoruhusu, moto mdogo, robo saa, mpaka mafuta yajitenge mekundu pembeni. Mimi hapa huwa nina haraka, na kila nikiharakisha ninajuta.

Kisha nazi mbili, mbuzi yangu bado inakuna vizuri. Tangulia na tui jepesi vikombe 2, karanga, maji ya ukwaju, na sukari guru ukiipata. Likishatokota ndipo umimine tui zito, na kuanzia hapo mwiko usitoke na moto usipande, tui lisije likakatika. Karanga zinakunywa maji kama ngamia, kwa hiyo weka birika la maji ya moto karibu, kila sosi ikizidi uzito unaongeza kidogo. Kama nusu saa hivi utaona mafuta mekundu yanaelea juu. Mimi nilidhani tui limekatika nikataka kulia. Kumbe ndiyo alama yake ya kuiva! Tui lililokatika linafanya punjepunje. Hapa mafuta yako juu na chini yake kumetulia laini. Ndipo sasa uonje, uongeze ukwaju au sukari au chumvi, na uonje tena. Nilionja mpaka sikubakiza njaa ya kulia chakula chenyewe.

Nikiwa nakoroga nikawa nawaza huko kwenu Kongwa. Waingereza walikuja 1947 na matrekta yao, wana njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, wanataka kulima karanga ekari mamilioni. Kufika 1951 wakafunga virago. Ule udongo ukikauka ni saruji, mashine zikavunjikia humo, mvua nazo zikawafanyia zinavyowafanyia. Na wewe na mama mkwe wako, kwa jembe la mkono, mnanijazia ndoo. Wangemuuliza mama mkwe.

Moto ndio ulionipa shida niliyokuwa sikuitazamia. Wachoma mishkaki wa mtaani wanatumia spoku, moto hauwasumbui. Mimi nilikuwa na vijiti vya mianzi, nimeviloweka saa nzima, lakini kwenye jiko letu la duara kijiti chote kinalala juu ya moto, kwa hiyo pa kushikia panaungua kabla nyama haijaiva. Baba mdogo akaniangalia nikihangaika, akasema, "Nimekwambia mfereji." Basi tukatafuta matofali sita, tukapanga safu mbili uani, nafasi ya kiganja katikati, mkaa ukaingia humo. Vijiti vikalala kama madaraja, nyama juu ya moto, mikia nje. Mkaa usubiri mpaka uvae jivu jeupe, maana ile sukari haina subira. Na kuna jambo jingine alilonifundisha. Unaponda ncha ya shina la mchaichai mpaka inakuwa kama mswaki, unachovya kwenye mafuta yaliyochanganywa na tui, unapaka nyama huku inaiva. Harufu iliyotoka hapo, somo, watoto wa nyumba ya pili walisimama mlangoni wanajifanya wamekuja kuuliza saa.

Mswaki huo aliushika mwenyewe hakunirudishia. Akaketi kwenye kigoda, upepeo wa ukindu mkono wa kulia, anapepea, anageuza, anatusimulia kwamba karafuu tunayojivunia Unguja asili yake ni visiwa vya Maluku huko huko Indonesia, kwa hiyo tusione aibu kuwachukulia na sosi, wametuzoea. Miwani yake mipya ya kliniki ilijaa moshi, hakujali.

Wali wa kwenye makuti sikuuweza. Makuti yapo tele, mkono wa kusuka ndio sina. Nilisuka kimoja kikatoka kama kiota kilichokanyagwa. Nikapika wali laini, nikaukandamiza kwenye bakuli, ulipopoa nikaukata vipande. Hakuna aliyelalamika. Tango na vitunguu nilikata tu vikavu, sikutia ndimu wala chumvi, na nakushauri ufanye hivyo hivyo, maana kachumbari yetu inagombana na ukwaju.

Vilitoka vijiti arobaini na kidogo. Baba mdogo alichukua cha kwanza, akakizamisha kwenye sosi mpaka karibu na vidole, akatafuna taratibu akitazama ukuta. Sote tumesimama kama tunangoja matokeo ya mtihani.

"Nyama bado kidogo," akasema. Akachovya tena. "Ila sosi hii tumetia nanga."

Alikula vijiti kumi na moja. Nilihesabu.

Sosi iliyobaki watoto wameichovyea mihogo ya kukaanga leo mchana, wakaniambia mihogo ya Coco Beach na chachandu yake imepata mshindani. Mimi niliila na ndizi za kuchoma, nimesimama jikoni, kabla hawajarudi madrasa.

Ndoo yako inarudi kwa basi la Jumanne. Ndani nimekuwekea nazi nne, pakti mbili za vijiti, uduvi kwenye chupa, na mashina ya mchaichai yenye mizizi, nimeyafunga kwenye gazeti lililoloweshwa. Yapande jioni hiyo hiyo, karibu na yanapomwagikia maji ya bafuni, maana jua la kwenu halina huruma. Ukwaju sikukutumia, itakuwa kichekesho kukutumia ukwaju Dodoma. Chupa ya uduvi nimeizungushia nailoni tatu lakini usiiamini, mwambie shemeji asiiweke ndoo karibu na nguo.

Ni mimi somo yako