Frimasoni waliozama na meli zao hawakuwa matajiri

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya ukurasa mzima kuhusu Frimasoni: utajiri wa ghafla, majoka, kafara za watoto. Mimi nimekula chumvi ya bahari, chumba cha mashine, mpaka magoti yaliponigomea ngazi. Katika meli za Waingereza nilifanya kazi na Frimasoni kadhaa. Mmoja, injinia wa pili, kila ikikaribia mwisho wa mwezi alikuwa akikopa sigara kwetu sisi wa chini. Kama kuna joka lililokuwa likimtapikia fedha, basi lilikuwa bahili sana.

Ninaotaka kuwasemea ni wale waliomtangulia: mabaharia wa meli za biashara waliokuwa Frimasoni na wakafia baharini katika vita vikuu viwili.

Baharia huyo husahaulika upesi kwa sababu hakuwa mwanajeshi. Alibeba ngano, nyama, mafuta na risasi za wengine. Athenia, meli ya abiria ya Uingereza, ilipigwa topido jioni ya siku ileile vita vilipotangazwa, 3 Septemba 1939, na hadi vita vinakwisha mabaharia wa biashara wa Uingereza wapatao 30,000 walikuwa wamekufa. Kabla ya Mei 1941 ilikuwa jambo la kawaida meli ikizama na mshahara unakatwa siku hiyohiyo. Mtu yumo mashuani, mikono imechubuka kwa makasia, na huko ofisini hesabu yake imeshafungwa! Akibahatika kufika nchi kavu, kwa kuwa hana sare, watu wanamwona mkwepa vita. Ndiyo maana mwaka 1940 ilianza kutolewa beji ndogo yenye herufi MN (Merchant Navy, yaani meli za biashara), ya kubandika kwenye koti.

Sasa mtu wa maisha hayo alitafuta nini kwenye loji, yaani tawi la Frimasoni? Madaraka hakuyapata, maana hakai nchi kavu. Hata kupanda daraja ilikuwa shida. Madaraja ya msingi ni matatu, na baina ya moja na jingine lazima zipite wiki kadhaa. Anaapishwa leo, keshokutwa meli inang'oa nanga. La pili analisubiri hadi arudi, au loji yake inaiandikia loji ya bandari nyingine imsaidie kumpandisha. Alichopata ni mlango wa kubisha katika mji asioujua, jioni, mbali na baa. Na alijua kwamba akifa, wanawe wana pa kuombewa nafasi: Frimasoni wa Uingereza walikuwa na shule ya wasichana tangu 1788 na ya wavulana tangu 1798, kwa watoto wa wanachama waliofariki au kufilisika. Siri na ishara za mikono zipo, sikatai. Lakini utajiri? Ernest Shackleton, yule mvumbuzi wa ncha ya kusini, alianzia meli za biashara akiwa kijana wa miaka 16, akaapishwa Frimasoni mwaka 1901, na alipokufa mwaka 1922 aliacha madeni.

Jengo lao kubwa la Great Queen Street, London, ambalo waandishi hupenda kulipiga picha usiku ili litishe, ni ukumbusho wa wafu. Lilijengwa kati ya 1927 na 1933 kwa michango ya wanachama, kuwakumbuka wenzao zaidi ya 3,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Niliwahi kushuka bandari ya Tilbury nikapanda treni hadi Tower Hill, London, uliko ukumbusho wa mabaharia wa biashara na wavuvi wasio na kaburi ila bahari. Ni majina kama 36,000 ya vita vyote viwili. Pale hutafuti mtu, unatafuta meli. Ukiipata, nahodha kama naye alizama yuko juu, kisha wengine kwa alfabeti, mpishi na mchochea makaa bega kwa bega na maofisa. Nani alikuwa Frimasoni, shaba yenye majina hayo haisemi. Nilitafuta wenzetu Wahindi, ambao meli nyingi zisingetembea bila wao. Wengi nikaambiwa wameandikwa Bombay na Chittagong. Hilo lilinikera, na bado linanikera.

Mhariri, kama kurasa bado zipo, waachieni majoka wapumzike. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na wanajeshi wa Afrika Mashariki, ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili, na watu 1,297 wakafa, wakiwamo wauguzi na mabaharia waliokuwa wakiiendesha. Februari ijayo iandikeni hiyo.

Baharia mstaafu