Dirisha limekuwa mlango

Makorora, Tanga
8 Juni

Shoga yangu Zaina,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na watoto wote hapo Muheza. Sisi hatujambo, ila mimi mikono imechubuka kwa kusugua saruji sakafuni. Umeniuliza kama ni kweli nimebomoa ukuta wa mbele. Sijabomoa ukuta, shoga. Lile dirisha la chumba cha kushonea ndilo nimeliteremsha hadi chini, likawa mlango.

Unakumbuka wateja wangu walivyokuwa wakikatiza sebuleni? Mtu amekuja kupimwa gauni, anamkuta baba Salma kajilaza na kikoi chake, macho kwenye mpira. Yeye anaona haya, mteja anaona haya, na mimi nimesimama katikati na futi kamba shingoni. Mwaka mzima nimevumilia.

Sasa, kwa kuwa na wewe unalitazama lile dirisha la uani kwa jicho hilohilo, nikueleze vizuri. Fundi wa kwanza alikuja nyundo begani. Akasema tupanue pawe futi 5, tuweke mlango wa mbao mbili, duka lipendeze. Nikamuuliza, na huko juu patashikiliwa na nini? Akanijibu saruji ikishakomaa haina neno. Nikampa nauli yake, tukaagana kwa wema.

Wa pili ni mzee wa makamo, mpole, wa maneno machache. Hakugusa chini kwanza. Alipanda kwenye stuli, akakwangua lipu pembeni mwa dirisha kwa tindo, huku na huku, mpaka akaipata linta, ule mhimili wa zege unaobeba ukuta juu ya dirisha, inapoishia. Nyumba yetu ni ya zamani, haina mkanda wa zege uliozunguka kuta zote. Ina vipande vya linta juu ya kila dirisha na mlango tu. Kile cha kwangu kilikalia ukuta inchi 6 kila upande, basi. Ukipanua, unakula pale kilipokalia, na tofali zote za juu pamoja na paa zinabaki zikining'inia. Lakini zile tofali zilizo chini ya dirisha hazibebi chochote ila dirisha lenyewe. Hizo unazitoa bila hofu. Kwa hiyo upana tuliuacha palepale, futi 4, na urefu haukuwa na shida kwa sababu juu ya dirisha palikuwa futi 7 kutoka sakafuni, sawa na milango mingine.

Kilichotukwamisha ni soketi. Unaijua ile ninayochomekea pasi? Waya wake ulipita ndani ya ukuta, chini ya dirisha hasa. Tukamwita fundi umeme, akazima kwenye meni swichi, akauhamishia upande wa pili. Siku moja ikaishia hapo. Afadhali hiyo siku kuliko tindo kukutana na waya.

Kubomoa kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Walikata kwanza grili, kisha wakapiga grinda mistari miwili iliyonyooka kutoka kona za dirisha mpaka chini, ndani na nje, ili tofali za pembeni zisitikisike. Halafu wakazitoa moja moja kuanzia juu, safu 4. Ila vumbi, shoga! Vitambaa vyote nilikuwa nimevihamishia chumbani, nikajisifu kwa akili zangu, kumbe boksi la nyuzi nimelisahau. Nyuzi nyeusi zote zimekuwa rangi ya majivu.

Mlango wenyewe ni wa futi 3, wa mninga. Ile futi 1 iliyobaki fundi alitaka kuijaza tofali, mimi nikakataa. Nimeweka kidirisha chembamba cha kioo, maana cherehani yangu ilikuwa inakaa chini ya dirisha lilelile na macho haya si ya msichana tena. Hata hivyo sikudanganyi, mwanga umepungua. Nikifunga mlango ninawasha taa mchana. Nikiuacha wazi wanaingia kuku wa jirani.

Na ngazi usizisahau kama nilivyozisahau mimi. Dirisha halikuonyeshi kuwa nje ni chini kuliko ndani. Kwetu ilikuwa inchi 18, kwa hiyo wiki nzima wateja walikuwa wanapandia tofali, mama mmoja mnene nikamshika mkono kama bibi harusi. Baadaye tukamwaga zege, vipando vitatu vya inchi 6. Kipando cha juu kikamwagwa kikiinamia ndani kidogo, na mvua za masika zilikuwa bado zinamalizia. Nimeamka alfajiri nikakuta maji yamefika miguuni mwa cherehani. Ikabidi kivunjwe, kimwagwe upya kikiinamia barabarani, na kizingiti kiinuliwe. Baba Salma akaongezea kibati juu ya mlango. Mikono yangu imechubukia hapo.

Kwa hiyo kabla hujamwita fundi, nipimie vitu vitatu: upana wa dirisha, kutoka sakafuni hadi juu yake, na kutoka sakafu ya ndani hadi ardhi ya uani. Na kwa vile umepanga, zungumza na mwenye nyumba kwanza, asije akakuta mlango asioujua.

Lile grili limeegemea ukuta wa jikoni, futi 4 kwa 4, zima kabisa ila vile vishikizo vilivyokatwa. Ukilihitaji kwa banda la kuku nitalipakia kwenye basi la Jumamosi. Nijibu mapema, baba Salma ameshaanza kulitazama kama chuma chakavu.

Wako shoga yako,
Mama Salma