Kabla hujamlaumu aliyekuuzia kichocheo

Simu nyingi zinazoingia hapa maabara kutoka viwanda vya kusafisha mafuta huanza vilevile: petroli imepungua, gesi imezidi, kichocheo tulichouziwa ni kibovu. Nasi jibu letu ni lilelile: tuletee kopo la kile kinachozunguka mtamboni, siyo cha kwenye gunia jipya stoo.

Kichocheo cha kupasulia mafuta mazito, yaani kuvunja molekuli zake kubwa ziwe ndogo kama za petroli, ni unga wa chembe zenye upana wa maikromita 70 hivi. Anayefanya kazi humo hasa ni zeolaiti Y, fuwele ya silika na alumina yenye vitundu vya nanomita 0.74. Gramu moja ya zeolaiti hiyo, ukihesabu kuta zote za ndani, ina zaidi ya mita za mraba 600. Gramu 12 tu ni uwanja wa mpira! Uwanja huo ndio uliolipia, na ndio unaoharibika.

Mafuta hukaa na kichocheo sekunde chache tu, kwenye joto linalopita nyuzi 500. Makaa hugandia chembe, nazo hupelekwa kwenye tanuri la nyuzi 700 hivi yakaungue. Humo tanurini ndimo vanadi, metali iliyokuja na mafuta ghafi, hukutana na oksijeni na mvuke, ikageuka asidi na kubomoa fuwele. Sodiamu, ile ya kwenye chumvi, ikiwepo, ubomoaji unakwenda mbio zaidi. Nikeli yenyewe haibomoi, ila hunyofoa hidrojeni kwenye mafuta, ukaishia na gesi na makaa mahali pa petroli. Nikeli angalau hutulizwa kwa antimoni. Fuwele iliyobomoka haina dawa: unaitoa, unaweka mpya.

Mteja wetu mmoja alikuwa ameshaandika barua ya kuvunja mkataba. Tulipopima, vanadi ilikuwa ya kawaida, sodiamu imepanda sana. Mtambo wao wa kuondoa chumvi kwenye mafuta ghafi ulikuwa haufanyi kazi sawasawa, na hakuna aliyeugusa kwa sababu kila mtu alikuwa anagombana na muuzaji. Barua haikutumwa.

Ukitaka tukupimie metali, eneo la ndani na nguvu ya kupasua, chukua sampuli mtambo ukiwa unaendelea na kazi. Iache ipoe, itie kwenye kopo kavu lenye mfuniko, uandike tarehe na kiasi cha kichocheo kipya mnachoongeza kwa siku. Usipoandika hicho kiasi, tutakupigia simu kukiuliza.