Wazee wanaosahau na kutetemeka ni wagonjwa, si wachawi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wazee wetu wanaosahau majina ya watoto wao, wanaotetemeka mikono, wanaotoka ndani usiku wa manane na kukutwa wakizunguka kwenye ua wa jirani bila kujua wamefikaje. Mimi ni mzaliwa wa Shinyanga na ninafundisha Baiolojia sekondari mkoani Kilimanjaro. Kote nimesikia maneno yanayofanana: ni uzee tu, amerogwa, au, kwa sauti ya chini, bibi huyu mwenyewe ndiye mwanga. Kauli hiyo ya mwisho imewaua kwa mapanga bibi zetu wengi wa Kanda ya Ziwa, hasa wale ambao macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka nenda rudi.

Sayansi imeshajua mengi kuhusu kinachowapata wazee hawa, na inaniuma kwamba habari hiyo haijafika vijijini. Katika magonjwa mengi ya aina hii, ndani ya ubongo hukutwa protini zilizojikunja vibaya. Sizungumzii protini ya maharage, nyama wala mayai. Wanafunzi na wazazi huniuliza hilo mara kwa mara, na jibu ni kwamba chakula hicho humeng'enywa tumboni na mzee anakihitaji. Nazungumzia protini ambazo seli hujitengenezea zenyewe. Kila protini huanza kama uzi wa shanga, shanga hizo zikiwa asidi amino, kisha uzi hujikunja ukapata umbo maalumu. Umbo hilo ndilo linaloipa protini kazi yake. Ikikosea kujikunja, seli ina protini nyingine za kuisaidia irudi sawa, na ikishindikana ina njia za kuivunjavunja. Umri unavyosonga, usafi huo hulegea. Protini mbovu hushikana, zikawa mafungu magumu yasiyoyeyuka, na seli za neva, ambazo nyingi mwili hauzifidii zikishakufa, huanza kupukutika.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote kinatoka mbali, kwenye nyanda za juu za mashariki mwa Papua New Guinea, kwa watu waitwao Wafore. Katikati ya karne iliyopita waliandamwa na ugonjwa unaoitwa kuru. Mgonjwa alianza kwa kuyumba, akatetemeka, akashindwa kusimama, na mara nyingi mwaka haukumwisha kabla hajafa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ulikuwa ukiua watu wapatao 200 kwa mwaka, wengi wao wanawake na watoto. Wafore hawakuwa na shaka kwamba huo ni uchawi. Waliwasaka waliowashuku na kuwaua. Nikisoma habari hiyo naiona Shinyanga yetu.

Madaktari Vincent Zigas na Carleton Gajdusek waliuandika ugonjwa huo mwaka 1957. Baadaye wanaanthropolojia Robert Glasse na Shirley Lindenbaum walikaa na Wafore, wakawasikiliza, na wakahusisha kuru na mila ya mazishi ambapo ndugu walimla marehemu wao kwa kumheshimu. Ubongo ulikuwa chakula cha wanawake na watoto zaidi. Mwaka 1966 ilitangazwa kwamba sokwe waliodungwa tishu za ubongo wa wagonjwa nao waliugua. Ila hakikupatikana kirusi wala bakteria. Mwaka 1982 Stanley Prusiner wa Marekani akasema kinachoambukiza ni protini yenyewe, akaiita prioni: protini ya kawaida ya ubongo iliyojikunja vibaya, ambayo ikikutana na nyingine iliyo salama huigeuza nayo iwe mbovu. Wanasayansi wengi walimpinga kwa miaka. Mwaka 1997 alipewa Tuzo ya Nobel. Mila ile ilipoachwa kuru ilififia, ingawa wachache waliugua zaidi ya miaka 40 baadaye, kwa kuwa prioni hufanya kazi yake polepole sana. Wote waliouawa kwa tuhuma za kuwaroga wagonjwa wa kuru walikufa bila hatia.

Magonjwa tunayoyaona zaidi kwetu ni mengine, lakini nayo yana protini zake. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer alipochunguza kwa hadubini ubongo wa mgonjwa wake Auguste Deter, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu, alikuta mabaka na vifundo. Ugonjwa huo sasa unaitwa Alzheimer. Leo tunajua mabaka ni protini ya amiloidi iliyorundikana nje ya seli, na vifundo ni protini ya tau ndani ya seli. Mama huyo alifariki akiwa na miaka 55, kwa hiyo hata hoja ya "uzee tu" haitoshi. Katika ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, inayorundikana ni alfa-sinukleini, na seli zinazoathirika sana ni zile zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huihitaji ili kuongoza mwendo wa mwili. Mkono unapoanza kutetemeka, seli hizo nyingi zimeshakufa.

Nisieleweke vibaya kwa kutaja kuru. Alzheimer na Parkinson haziambukizi kwa kumwogesha mgonjwa, kula naye sahani moja wala kulala naye chumba kimoja. Anayemtenga mzee kwa hofu hiyo anamwongezea mateso.

Wagonjwa wapo, tena karibu. Utafiti uliofanywa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, hapa Kilimanjaro, ulikuta watu 33 wenye Parkinson, na zaidi ya watatu kati ya kila wanne hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kuwa wanaugua ugonjwa huo. Utafiti mwingine wilayani humo ulikuta kuwa katika kila wazee 100 wenye miaka 70 na kuendelea, wapatao 6 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Dawa ya kuondoa kabisa protini hizo na kumrudisha mtu alivyokuwa haipo. Dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi lakini hupunguza tu kasi ya Alzheimer, tena ni ghali na inaweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu kwenye ubongo. Kwa Parkinson tuna levodopa, dawa ya tangu miaka ya 1960, ambayo haizuii seli kufa lakini humwezesha mtu kushika kijiko na kutembea. Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe dawa hiyo inapatikana katika hospitali za wilaya, na matabibu wa zahanati wafundishwe kuitambua Parkinson mapema.

Kwako Mhariri nina ombi pia. Gazeti linapoandika habari za mauaji ya vikongwe, mwandishi asiishie kwa kamanda wa polisi. Awaulize ndugu na majirani: kabla ya tuhuma, je, bibi huyu alikuwa ameanza kusahau njia ya kurudi nyumbani? Alikuwa akitetemeka? Alipelekwa hospitali, na huko aliambiwa nini? Majibu yao yachapishwe kwenye habari hiyohiyo.

Mwalimu wa Baiolojia,
Moshi