Kwa ndugu yangu wa Maskati: maziko hayangoji ndege

Ndugu yangu,

Assalaamu alaykum. Tanga la Bibi limeanuliwa, wageni wametawanyika, na neno lako bado linazunguka nyumbani. Nakujibu hadharani kwa sababu wengi walioko ughaibuni wanalisema hilo hilo: "Mngenisubiri."

Tungekusubiri vipi? Bibi kafariki alfajiri, kazikwa baada ya alasiri. Maskati hadi Unguja, hata kwa ndege ya moja kwa moja, angani peke yake ni zaidi ya saa tano, hujaomba ruhusa kazini wala kutafuta tiketi. Ukitua Unguja usiku, unalala Unguja. Boti ya kwetu Pemba, ya Mkoani, haiondoki kila siku. Ndege ndogo za Chake Chake ni nusu saa tu, lakini zinajaa upesi, na mzigo zinabana kwenye kilo 15 hivi. Wewe ukaja na masanduku mawili. Moja likabaki uwanjani, ukaingia msibani umeshakasirika.

Kilichonikaa rohoni ni pale barazani. Shangazi anatoka kukupokea, nawe hujampa hata mkono wa pole, unamuuliza nani aliyeharakisha! Mbele ya wazee waliokaa kitako kwenye hitima. Shangazi ndiye aliyemwosha mama yake: maji ya mkunazi kwanza, kisha maji safi, josho la mwisho likatiwa kafuri. Nywele akazisuka mafungu matatu, akamkafini kwa vitambaa vitano. Mtu wa kuulizwa swali lile alikuwa yeye?

Na Bibi alikupenda, wallahi. Kila mgeni akiingia anaonyeshwa birika uliyomletea.

Wazee waliobaki umri wao unaujua, basi jipange. Pasipoti isikae imekwisha muda. Ukisafiria ya Omani, viza omba mtandaoni, na bima ya wageni wanaoingia Zanzibar, dola 44, ilipe kabla hujaondoka. Ni lazima tangu Oktoba 2024. Ubani, yaani pesa ya rambirambi, tuma siku ile ile, kwa mtu mmoja anayeshika daftari. Pesa ya siku ya kwanza ndiyo inayonunua sanda, mbao za kaburi na mchele. Ya siku ya tatu inakuta madeni dukani. Njoo na mkoba wa mkononi tu. Sala ya jeneza nayo hujaikosa: kwa madhehebu yetu ya Shafi unamsalia kaburini ukifika, takbira nne, hakuna rukuu wala sijida. Hata ukiwa huko huko Maskati unaweza kumsalia kwa nia ya maiti aliye mbali.

Naambiwa unasema nilichelewa kukupigia. Nilipiga jua halijatoka, na kwenu mko saa moja mbele yetu. Simu iliita ikakatika, nikapiga tena. Kuzikwa alasiri ile nilisema mimi, watoto wake wote wakaafiki, na ningelisema tena leo.

Mimi niache. Shangazi mpigie, kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo anakuwa konde, na kule mtandao haushiki.