Kompyuta isaidie kusoma vipimo vya kina mama

Mhariri, pole na kazi. Mi mkazi wa Mbagala, dadangu alipimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa kile kipimo cha seli kupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, alichokianzisha Daktari Papanicolaou kule Marekani, basi majibu tukayasubiri wiki sita, kila tukienda tunaambiwa msomaji ni mmoja na vioo vimejaa. Wiki sita jamani, usingizi hamna kabisa!

Wenzetu Marekani waliruhusu kompyuta kwenye kazi hii tangu 1995, na kuna mashine inapiga picha kioo kizima chenye maelfu ya seli, inatafuta zile za kutiliwa shaka, zenye kiini kikubwa kilichokoza rangi, halafu inamwonyesha mtaalamu sehemu 22 aanze nazo, ila anayetoa jibu ni mtaalamu mwenyewe, hapo ndo napapenda. Kile kipimo cha siki, cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kwa macho, nacho kizuri, majibu palepale, kiendelee. Ila hospitali zetu kubwa hapa Dar zinunuliwe hizo mashine, na mafundi wa kuzitunza wawepo, maana ikiharibika ikafunikwa kitambaa kina mama wanarudi kusubiri vilevile.

Msomaji wenu, Mbagala, Dar es Salaam