Picha za Ujiji: sasa ni Jumamosi

Mwakeye, wapendwa wanakikundi.

Zoezi letu la kupiga picha bustani ya kumbukumbu ya Livingstone, Ujiji, halitakuwa tena Jumapili, maana wenzetu wengi wana ibada. Ni Jumamosi hii, saa 9:30 alasiri, getini. Jua la jioni linashukia upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, na nyuso zinatoka vizuri.

Mnara na miembe vimeshapigwa picha vya kutosha. Kwamba Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, hata watoto wa mtaa watakusimulia. Sisi tunawataka watu wa leo: mama wa dagaa anayepumzika kivulini, wanafunzi na madaftari yao, wazee wa bao, mgeni aliyeshuka treni jana. Kaa na mtu kwanza, ongea naye, kamera baadaye. Akikataa, mshukuru upite. Mtoto hapigwi bila ruhusa ya mzazi. Na tafadhali, msiwapange watu kama picha za pasipoti!

1. Mchango: Sh 7,000 (kiingilio na kuchapa picha), kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi jioni. Nauli kila mtu ajitegemee.
2. Simu inatosha, ila ije na chaji.
3. Daftari la kuandika jina la mhusika na maneno yake mawili matatu. Picha tutawarudishia.

Andika NAKUJA au SIJI hapa kabla ya Jumatano usiku. Dole gumba sihesabu.